Mchekaji wa Soko la Jumatano

Mwanangu alianza kucheka kabla hajatimiza arubaini. Nilikuwa nalala chumba kimoja na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kama ilivyo kwetu, mzazi haachwi peke yake mpaka siku zake ziishe. Asubuhi moja mtoto kalala chali kati yetu, akatoa sauti: he-he-he-he, mfululizo, kama mtu mzima aliyepewa habari ya kuchekesha. Mavyaa akaweka chini bakuli la uji wa pilipili manga aliokuwa ananiletea.

"Malaika hao," akasema. "Wanamchekesha. Usimguse, usije ukawakatiza."

Sikumgusa hata kwa kidole. Nilitazama tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mishono haijapoa, na niliamini nimezaa mtoto mwenye bahati kuliko watoto wote wa mji wetu wa Ibra.

Nalitaja hili mwanzo ili nisije nikaonekana nimelaumu watu nikajisahau. Nina hasira, hilo silifichi. Nina hasira na watu wengi, na wa kwanza ni yule msichana aliyekaa pale kitandani anatabasamu.

Mavyaa wangu ni mtu wa Unguja mjini. Aliletwa Oman bado msichana, akaolewa Ibra, na mpaka leo Kiarabu chake wanakicheka. Kila Jumatano asubuhi anakwenda soko la wanawake kuuza udi na bukhuri anayoipika mwenyewe. Wanaume hawaingii pale. Mwanawe, mume wangu, anafanya kazi Sur kwenye gesi na hurudi mwisho wa wiki, lakini akiwa likizo akatupeleka, anatushusha mbali na kugeuza gari kama anayekimbizwa. Ndani ni wanawake juu ya mikeka, vitambaa, dhahabu, watoto, na maneno.

Mtoto alipoweza kukaa, mavyaa akaanza kumchukua. Alikuwa akicheka mara tano, mara sita kwa asubuhi moja. Mwanzo wanawake waligeuka tu na kusema mashallah. Baadaye wakaanza kumsubiri.

"Bado hajacheka?"

"Kacheka sasa hivi. Umechelewa."

"Basi nakaa."

Wanakaa, wanafunua vikopo vyote, wananusa, wananunua. Ikawa mama mwenye harusi nyumbani analeta mwari akae karibu na mtoto, akichekewa anaondoka moyo mweupe. Wakamwita mchekaji. Kuna mmoja, muuza vitambaa wa mkeka wa pili, alizoea kumchokoza mavyaa: "Nyinyi wa Zanzibar, hata watoto wenu wanazaliwa na ngoma kichwani." Na mavyaa kwa Kiarabu chake kilichovunjika: "Na wenu wanazaliwa wamenuna, kama wamelambishwa ndimu." Wanacheka wote, na mtoto katikati anacheka kuliko wote, uso mwekundu, macho yametazama juu kwenye turubai.

Macho yake yalikuwa juu. Niliyaona. Nilidhani anawatazama malaika.

Nikawa narekodi. Mimi ni karani wa shule, nimesoma mpaka sekondari, si mjinga wa simu. Nilimrekodi akiwa kwenye mkeka, akiwa kwenye beseni, akiwa mgongoni kwa bibi yake. Nilimpelekea baba yake Sur, nikawapelekea wazee wangu Nizwa, nikawapelekea mashangazi Unguja, nao walijibu, mashallah, mfunikeni mtoto huyo, msimuoneshe kwa kila mtu. Hawakujua kwamba kila mtu keshamuona.

Alipotimia miaka mitatu, bibi yangu mzaa mama alifariki Nizwa. Tulikuwa chumba cha wanawake, watu wanasoma, nje wanaume wamekwisha kujipanga kubeba jeneza. Mwanangu alikuwa pajani kwangu. Akaanza: he-he-he-he. Waliokuwa wanasoma wakainua vichwa. Nikataka kumziba mdomo, nikasikia mkono wake umenikamata hapa juu ya kiwiko, kucha zimeingia kwenye ngozi, kama mtu anayezama. Nikamgeuza. Mdomo unacheka. Machozi yanamtoka. Paja langu likawa na joto, kumbe kajikojolea, na yeye aliacha nepi zamani.

Kicheko kikakatika ghafla, kama kilivyokuja. Akanitazama, akasema polepole:

"Mama, kimekuja tena. Kitoe."

Khalati yangu, dada wa mama, akasema, "Muacheni mtoto. Kawaona malaika waliomjia bibi yake."

Nikasema, na nilisema kwa sauti, msiba ule, mbele ya maiti: "Malaika gani anayemkojoza mtoto?"

Mpaka leo kuna watu Nizwa hawanisalimii vizuri kwa neno lile. Nalitamka tena hapa.

Kimekuja tena. Maana yake alikwisha kukipa jina. Miaka mitatu sisi tunapiga makofi, na yeye ndani ana kitu anachokiita "ki", kinamjia na kuondoka, na hana wa kumwambia kwa sababu kila anayemtazama anafurahi.

Daktari wa kwanza, wa kliniki, alimpa pipi. Alisema huyu mtoto ana raha, wengine wananiletea wanaolia. Nilimwambia achukue pipi yake. Wa pili akanisikiliza, akatuandikia barua ya Maskati.

Maskati tulikwenda wanne: mimi, mtoto, mume wangu, na mavyaa ambaye hakuna aliyemwalika ila alikuwa ndani ya gari kabla yetu. Daktari alikuwa mwanamke, Muomani, kijana kuliko nilivyotegemea. Aliuliza maswali mengi kisha akauliza kama tuna video ya hicho kicheko.

Nilikuwa na video nyingi za kicheko kile kuliko picha za harusi yangu. Nikampa simu.

Akatazama ya kwanza. "Hii, ndiyo," akasema. Ya pili. "Hii." Ya tatu, ya Idi, kavaa gauni la kijani. "Hii pia." Akawa anapitisha kidole na kutikisa kichwa, hii, hii, hii, taratibu, hana haraka wala ubaya, na mimi nikawa sitazami tena simu, natazama kidole chake. Nilikuwa nangoja kisimame. Nilikuwa namuomba Mungu anipe moja. Moja tu aseme, hii si ugonjwa, hapa mwanao alifurahi.

Ikafika ile ya Wadi Bani Khalid, bonde la maji. Tulikwenda watatu, mtoto ana miaka miwili, baba yake kamshika makwapa anamchovya miguu kwenye maji, na maji yanapiga kelele, na mtoto anatoa sauti fupi halafu video inakatika kwa sababu mimi niliteleza kwenye jiwe. Daktari akaitazama mara tatu.

"Hii sijui," akasema.

Kisha akaniuliza: "Ukimtekenya, anacheka?"

Nikamtazama mume wangu, naye akatazama viatu vyake. Hatukumtekenya. Nani anamtekenya mtoto anayecheka mwenyewe mara ishirini kwa siku? Wenzangu huwakunia watoto wao matumbo, huwafichia uso na khanga na kuwafunulia, hujifanya wameanguka. Sisi chetu kilikuwa kinakuja chenyewe. Tulikaa tukapokea.

Akaingizwa kwenye lile bomba la picha, kalazwa kwa dawa, nasi tukaitwa tena siku nyingine kuelezwa. Daktari akageuza kioo cha kompyuta tuone. Chini kabisa, katikati ya kichwa, palikuwa na kijidonge, kama punje ya dengu. Akasema si kansa. Akasema hakikui, hakiambukizi. Ni ubongo, ubongo mzima kabisa kama ule mwingine, ila umeota pasipo pake. Tangu yumo tumboni. Na kwa kuwa uko pasipo pake, unawashawasha penye njia ya kicheko, basi kila ukiwaka, mtoto anacheka. Ni kifafa.

Nikamfasiria mavyaa, nikaongeza la kwangu, kwamba lazima wataukata.

"Kifafa ni cha kuanguka na mapovu," akasema. "Nimekiona kwetu. Huyu haanguki."

"Ni kifafa cha kucheka, mama."

"Muulize kimeingiaje."

"Hakikuingia. Amezaliwa nacho. Ubongo wake mwenyewe."

"Basi kama wake mwenyewe, kwa nini waukate?"

Nikamuuliza daktari, kwa hasira, ili mavyaa ajibiwe anyamaze. Daktari akasema hilo ni swali zuri. Akasema hawataukata. Kuna mahali India wanaingiza uzi mwembamba wa mwanga kupitia tundu dogo, wanauchoma pale pale ulipo, ili usiweze tena kuuchokoza ubongo mwingine. Wakiuacha, vicheko vitazidi, vitakuja vya kuanguka, na akili itapungua kidogo kidogo. Dawa alizotupa kwanza zingepunguza tu, na kweli hazikufanya kitu zaidi ya kumpa usingizi.

Nikauliza swali langu. Nilikuwa nimelibeba tangu ile video ya maji.

"Na kicheko chake mwenyewe? Mkichoma, kitabaki?"

"Kicheko cha furaha kinatoka kwengine," akasema. "Kipo, inshallah."

"Umekisikia?"

"Hapana."

"Mimi pia sijakisikia."

Njia ya kurudi Ibra ni ndefu ukiwa na hasira. Mtoto kalala, kichwa pajani kwa bibi yake. Nilisema bila kugeuka: "Miaka mitatu, mama. Miaka mitatu umemkalisha mtoto sokoni anaumwa, watu wananusa udi."

Mavyaa akavuta khanga, akamfunika mtoto miguu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Na wewe ulikuwa umeshika simu."

Mume wangu akaongeza baridi ya gari. Hakuna aliyekuwa amelalamika joto.

Jumatano iliyofuata alikwenda sokoni peke yake. Nilisikia baadaye kwamba walimuuliza, mchekaji yuko wapi, na akawaambia anaumwa. Yule wa vitambaa akasema, basi muombe acheke, apone. Mavyaa akafunga mkeka wake saa mbili na nusu asubuhi akarudi.

Mimi usiku na mchana nilikuwa na ile video. Nilipokuwa kazini nilikwenda chooni kuitazama. Miguu inaingia majini, sauti inatoka, jiwe, kimya. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango. Niliweka sikio, nikapunguza sauti, nikaongeza. Maji yalikuwa yanapiga kelele mno. Niliyachukia maji yale. Nilijichukia kwa kuteleza.

Kule India sitaeleza mengi. Wakamnyoa kidogo, nyuma ya sikio kwa juu, wakatoboa tundu ambalo leo nalitafuta kwa kidole na silipati mara moja. Siku ya tatu kilikuja kidogo, he-he, kama mkia wa mjusi uliokatwa, unaruka wenyewe. Siku ya nne hakikuja. Wala ya tano. Daktari wa kule akatupongeza. Mume wangu akasujudu pale pale penye ukumbi wa hospitali, watu wanampita na vitanda vya magurudumu.

Tukarudi, na nyumba ikanyamaza.

Kuna jambo sikulitegemea. Nilikitamani. Kile kile cha ugonjwa. Nilikuwa nafua, nasimama, nasikiliza, nangoja he-he-he-he ya asubuhi ambayo ilikuwa saa yetu ya ukutani kwa miaka mitatu, na haiji, na ninashukuru haiji, na kifua kinaniuma kwa kuwa haiji. Mtoto alikuwa analala sana, anakula kama mchunga ngamia aliyefika mjini, halafu anakaa. Anapanga visoda. Ukimwita anageuka, anajibu vizuri, ana adabu. Kama mgeni.

Siku moja nikamkuta mavyaa nyuma ya jiko, kageukia ukuta, simu kaibana sikioni. Nilidhani anaongea na mtu. Nikasogea, nikasikia. Alikuwa anasikiliza moja ya zile za zamani nilizompelekea mimi mwenyewe. Nilifungua mdomo nimgombeze, maneno nilikuwa nayo tayari, tangu siku ya gari. Nikasimama nyuma yake mpaka sauti ikaisha, na alipobonyeza tena nikasikiliza tena.

Tukaanza kumchekesha. Tulikuwa wakubwa watatu na mtoto mmoja, na sijui nani alikuwa kichekesho zaidi. Baba yake aligeuza kofia nje ndani akacheza katikati ya sebule, mwanamume wa zaidi ya kilo tisini. Mtoto akamtazama mpaka mwisho kisha akamwambia, "Ahsante, baba." Nilimtekenya. Alijikunja, akasema inauma. Nilijificha nyuma ya pazia nikatokeza, akashtuka, akalia. Nilimpigia simu daktari wa Maskati nikamwambia umeniambia kipo. Akasema mpe muda, ubongo umetoka kwenye ajali. Nikamwambia ajali imetoka kwenye ubongo, na wewe umeniambia kipo. Akavumilia. Ni mtu mwema, na nimemtukana zaidi ya mara moja.

Miezi ikapita hivyo. Nikaanza kufikiri lile nisilotaka kufikiri: kwamba hakuna kingine. Kwamba ile punje ndiyo ilikuwa inacheka, mwanangu hakuwahi, na mimi mama nimelipa tiketi nikaenda kuizima.

Siku yenyewe nilikuwa juu ya paa naanua nguo. Ilikuwa baada ya alasiri, jua limepungua makali, na hakuna upepo hata wa kutikisa shuka. Nikakunja zote, sikuwa na haraka, hilo najilaumu nalo, nikashuka na furushi. Mavyaa alikuwa kwenye mkeka sebuleni, anashona kofia ya mwanawe, miwani puani, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine. Mtoto kakaa mbele yake. Mavyaa kafunika mdomo kwa mkono wenye uzi.

"Kacheka," akaniambia.

Furushi likaniponyoka. "Muda gani? Uso ulikuwa mwekundu? Kajikojolea?"

"Mwanangu. Kanicheka mimi."

"Umejuaje?"

"Uzi ulikuwa hauingii tunduni. Nimekosa, nimekosa, nikautukana: ingia, mwana hizaya. Akacheka. Halafu kaniambia, tena, bibi."

Nikakaa juu ya nguo safi. Tena. Kile cha punje aliniomba nikitoe. Hakuna siku aliyoniomba kije tena.

"Kikoje?" nikauliza.

"Nini?"

"Kicheko, mama. Kikoje?"

Akafikiri. Mtu yule ana jibu la kila kitu, na alifikiri. "Kifupi. Kinaanzia puani. Kama paka kapiga chafya halafu kaona haya."

"Nifanyie."

"Mie?"

"Nifanyie, nakuomba."

Mwanamke wa miaka sabini akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akatoa sauti puani. Akatikisa kichwa. "La. Nimekifanya kizito. Ngoja." Akatoa nyingine, nyembamba zaidi. "Hivi. Ila mwisho unapanda juu." Akajaribu kuupandisha mwisho, akakohoa. Nikamuomba tena. Alinifanyia mara nne au tano, na kila mara alijisahihisha, na kila mara nilitega masikio, na mtoto alikuwa anatutazama kwa zamu kama tumeingiwa na wazimu.

Nikachukua sindano. Nikaukosesha uzi, nikasema, "Ingia, mwana hizaya."

Hakucheka.

Nikakosa tena, nikasema kwa ukali zaidi.

"Si hivyo, mama," akasema mwanangu. "Bibi anakosa kweli. Wewe unajifanya."

Mavyaa akaweka kofia chini. Alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa khanga, akanipa. Nikaivaa. Chumba kikazama kwenye maji, uzi ukawa nyuzi tatu, sindano sikuiona kabisa, niliihisi tu kwa kidole. Nikasogeza mkono. Nikakosa. Mtoto akasogea kwa magoti juu ya mkeka mpaka nikasikia pumzi yake karibu na sikio langu. Nikalowesha ncha ya uzi mdomoni, nikalitafuta tena lile tundu, na nikakosa tena.